Sheria ya Ganda Moja

Tucson, Arizona
Machi 9, 1994

Mpwa wangu Arlys,

Salamu kutoka nchi ya vumbi. Kifua changu kimeacha kupiga filimbi. Daktari anasema hewa kavu imenipa mapafu ya kijana, nikamwambia basi amtafute huyo kijana anipe na magoti. Joyce na wanawe hawajambo. Binti yangu huyu ananilisha majani kutwa kucha kama vile nimekuja kufugwa. Mwambie mama yako nyonga yake ninaiombea, ila asijue kwamba usiku ninaota soseji za kwetu Ebner.

Sasa nililoandikia. Nimegundua wazee wenzangu hapa wanaokutana Alhamisi nje ya mji kupiga shabaha kwa bunduki za risasi moja moja, na risasi zenyewe wamezimimina jikoni kwao kama sisi. Nilikwenda kutazama tu. Nilipofika karibu nikasikia harufu ya nta ya nyuki iliyoungua, ile tunayopaka risasi, machozi yakanilenga, mtu mzima mimi. Nataka bunduki, Arlys. Isiwe ya fahari. Pensheni yangu unaijua ilivyo, na Joyce anaijua kuliko mimi.

Wewe unakwenda kwenye maonyesho ya bunduki na una macho. Nichagulie. Hapa nimeona za aina tatu. Kuna ile inayokunjika katikati, mpya, bei ya mtu wa kawaida. Kuna ile ya mkono wa chini, ukiuvuta kizibo kinashuka kama mlango wa tanuri. Hizo mpya zimeiga za zamani, nzuri mno, na bei yake inabidi nimuuze Joyce. Halafu kuna zile ndogo za zamani walizokuwa wakinunuliwa wavulana wa mashambani, mitutu imekwisha kuliwa na kutu.

Na kabla hujafungua mdomo: Shangazi sitaki nirudishiwe. Nilikupa kwa mkono wa kulia, siwezi kukuchukulia kwa wa kushoto. Bunduki ya Babu yako Anselm ni yako. Babu aliipa jina hilo kwa sababu ni ndefu, nyembamba, na ukiikosea adabu inakupiga bega. Anaendeleaje huyo mama? Ganda lile moja la kujazia baruti bado unalitumia? Kumbuka sheria yetu: ganda moja tu, unalijaza, unalipiga, unalijaza tena, siku nzima, mwaka mzima. Hakuna jingine.

Simu nisipigiwe, nasikia nusu nusu.

Mjomba wako,
Norbert


Ebner, Wisconsin
Aprili 4, 1994

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barafu ya ziwani imeondoka na gari la Elroy Bast wa klabu yetu ya shabaha nusura liondoke nayo, maana alikuwa bado anavua samaki wakati watu wenye akili walishatoka. Mume wangu Verlyn amepata tena mgongo wa kukamua ng'ombe. Anatembea amepinda, lakini analaumu ng'ombe. Nyonga ya Mama inaendelea vizuri. Ijumaa zote za Kwaresima tulikula samaki wa kukaanga kanisani mpaka Verlyn akasema anaota mapezi.

Kuhusu bunduki, nisikilize vizuri. Usinunue mbao, nunua mtutu. Watu huona kitako cha mti mzuri wakapofuka. Risasi ya kumimina huenda polepole, kwa hiyo huhitaji chuma cha kustahimili vita. Unahitaji mtutu safi, uzito, na kifyatulio chepesi.

Ile ya kukunjika si mbaya kama wasemavyo, lakini kipande cha mbao cha mbele kimening'inia kwenye mtutu, na mtutu ukipata moto shabaha inahama. Kifyatulio chake nacho kizito kama mlango wa ghala. Kama unaipata kwa bei ya chini kabisa, sawa. Ile ya kifahari achana nayo. Mimi ningetafuta ile ndogo ya zamani ambayo fundi ameshaitia mtutu mpya. Mwili wa kizee, roho ya kijana. Zipo, watu hawazitaki kwa sababu hazina thamani ya kuhifadhi.

Ukiona yoyote, kabla ya kutoa hata senti, sukuma kipande cha risasi laini ndani ya mtutu kutoka nyuma hadi mbele, ukipime, maana risasi yako lazima iwe nene kuliko tundu kwa unywele. Kisha, Mjomba, omba upige moja. Uone ganda linatoka. Likigoma hata kidogo, mrudishie mwenyewe na uondoke. Mulika chumba cha ganda kwa taa ndogo, uzungushe macho taratibu. Hilo usilisahau hata kama yote mengine utayasahau.

Shangazi yupo. Amepumzika.

Nakutumia kalibu yangu ya kumiminia risasi, ile nzito. Usikatae.

Mpwa wako,
Arlys


Tucson
Aprili 21, 1994

Arlys,

Kalibu imefika, na Joyce alipofungua kasha alidhani ni chombo cha kung'olea meno. "Baba," akasema, "hutayeyusha risasi kwenye jiko langu." Nikamwambia sawa, nitayeyushia kwenye jiko lako lile la nje la nyama. Akanitazama. "Na nyama tutachoma wapi?" "Nyama ipi," nikamwuliza, "katika nyumba hii?" Mjukuu akacheka, tukafukuzwa wote wawili tukale barazani.

Lakini kalibu yako mbona unaigawa? Utamiminia nini?

Nimesoma ushauri wako mara mbili. Ni mzuri kuliko wa wazee wa Alhamisi. Yupo mmoja anauza ile ya kukunjika, nimeijaribu, na ni kweli, kifyatulio ungedhani ninang'oa kisiki. Nimemwachia.

Ila umeandika kurasa za bunduki za watu, na za Shangazi maneno mawili. Amepumzika kwa nini? Msimu umefunguliwa. Mwaka huu Siku ya Mfalme, mashindano yetu ya Septemba, nimekata shauri nije. Joyce amekubali kunilipia ndege. Nataka nikae dirishani kwenye kibanda cha klabu, nisikie harufu ya kabichi chachu nyuma yangu, nipige Shangazi duru moja tu, kisha nikuachie wewe umalizie. Ukiwa Mfalme na mnyororo shingoni, bia ya klabu nzima nitainunua mimi, na Joyce asijue.

Ganda lile bado unalo? Hukunijibu.

Mjomba


Ebner
Juni 12, 1994

Mjomba, shikamoo.

Mama anatembea bila mkongojo. Alfalfa ya kwanza ya kulisha ng'ombe tumekwishakata, mvua ikaipata chini, ikaharibika nusu. Verlyn anakusalimu. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana, na sasa naandika bila kusoma nyuma.

Nimemharibu Shangazi.

Ilikuwa Februari, kwenye kibanda, tulipowasha jiko na kupiga kupitia madirisha. Ganda lako lilipasuka mdomo. Lilikuwa limechoka, Mjomba, limechoka kweli. Nikanunua mapya. Nikaongeza baruti kidogo, nikakata kadi za duara kwenye boksi la maziwa kama ulivyonionyesha nilipokuwa msichana, nikaweka kadi ndani ili baruti isimwagike, maana risasi yenyewe tunaitanguliza mtutuni peke yake, nikaikandamiza. Nikapiga vizuri sana. Kisha ganda likagoma kutoka. Nililigonga kwa fimbo ya kusafishia mpaka likatoka, nikamulika ndani, nikaiona. Pete. Mtaro mwembamba kwenye chuma, umezunguka chumba kizima cha ganda, ukipitisha ukucha unausikia.

Sasa najua. Kadi ikikandamizwa chini, inabaki nafasi tupu kati yake na risasi, na baruti ikiwaka kadi inaruka na kugonga kama nyundo. Kila mtu anayemimina risasi anaambiwa jambo hilo. Mimi ama sikuambiwa ama sikusikia, na siwezi kukulaumu wewe kwa masikio yangu.

Kila barua uliyoandika uliniuliza habari zake na kila mara nilikuwa nahisi nimeficha maiti kabatini. Ule ushauri wote wa bunduki ulikuwa wa kukuziba macho. Ni ushauri wa kweli, lakini niliutoa kama mtu anayelipa faini.

Ulipoandika kwamba unakuja, nikaona heri watu wasikie kwangu kabla hawajasikia kwingine. Kwenye mkutano wa Mei nilisimama nikawaambia wote. Elroy akasema, "Ndiyo hayo. Nilimwambia Norbert, bunduki ya Anselm Kuehl haipewi mwanamke akaichezee." Wengine wakatazama bia zao. Nimetoa jina langu kwenye timu. Siku ya Mfalme nitakuja kupakua kabichi, basi. Bunduki siishiki tena.

Bunduki yako nimeipata. Ni ile ndogo ya zamani, mkono wa chini, mtutu mpya mzito, kitako kimekwaruzwa na mtu aliyefunga ng'ombe nacho nadhani. Nimesukuma risasi laini, nimepima, nimepiga. Ganda linatoka lenyewe. Bei yake haikuwa kubwa na usiniulize. Haifidii. Niruhusu tu nikupe.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija utanitazama usoni, utaamua.

Arlys


Tucson
Julai 8, 1994

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika siku nyingi. Joto lilikuwa kali, sikuweza kuandika.

Yaliyopita si ndwele. Kila mtu anakosea, na chuma ni chuma tu. Usijitese. Elroy ana mdomo kuliko masikio, tangu shuleni.

Kuacha kulenga kabisa nadhani si lazima, lakini wewe ni mtu mzima.

Shangazi mwache kabatini alivyo. Usimpeleke kwa fundi yeyote, watakula pesa yako bure. Mwache tu. Bunduki uliyoipata naikubali na nashukuru.

Joyce hajambo.

Mjomba


Ebner
Agosti 14, 1994

Mjomba, shikamoo.

Mahindi yamempita Verlyn urefu, na mgongo wake umenyooka kwa wivu. Mama ameanza kulalamika kuhusu majirani, kwa hiyo amepona.

Nilikukaidi. Nilitaka Shangazi atengenezwe ukija uone nimefanya kitu, nikampeleka kwa Virgil Haas, yule fundi wa njia ya kiwandani. Unamjua, haongei mpaka achoke kunyamaza. Aliingiza taa yake nyembamba, akatazama muda mrefu, akachukua kijiti chenye pamba akasugua, akatoa pamba nyeusi tititi. Akasema, "Hii umesema ya lini?"

"Februari."

"Februari ya mwaka gani?"

Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii. Pete mpya huwa inang'aa, akasema, na hii imeota kutu chini ya tabaka la risasi iliyoganda, ya miaka na miaka. Kadi yangu ya Februari haikufanya kitu ila kelele. Kisha akaniuliza kama ninalo ganda la zamani. Nilikuwa nalo kwenye mkebe, sikuweza kulitupa kwa kuwa lilikuwa lako. Alilizungusha kwenye mwanga. Karibu na mdomo lina mkanda, mwembamba, umevimba kidogo, na juu ya mkanda mtu amepitisha tupa taratibu ili liweze kutoka. "Ganda hili," Virgil akasema, "limefundishwa kukaa na pete."

Alinirudishia ganda. Akauliza, "Nani aliitumia kabla yako?"

Nikasema Babu.

Basi na iwe Babu, Mjomba. Yeye ameshalala, hakuna atakayemwuliza. Sijakuuliza wewe kitu na sitakuuliza. Virgil hatasema, yeye hata habari za mvua hasemi.

Ila nikwambie ukweli, tangu siku ile usingizi sipati. Mwanzo nilikosa usingizi kwa sababu nimekosa. Sasa ninakosa kwa sababu sikukosa, na jambo hilo sijui nimpelekee nani.

Tiketi yako ni ya tarehe kumi Septemba, Joyce amemwambia Mama. Verlyn atakuja kukupokea.

Arlys


Tucson
Agosti 23, 1994

Arlys,

Usimsingizie marehemu.

Baba yangu hakukata kadi hata moja maisha yake yote. Alikuwa anaziba mdomo wa ganda kwa kidole, anainua bunduki mtutu ukitazama juu, anaifunga. Kadi ni werevu wangu mimi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba zinatuliza baruti. Nilikuwa nimeazima Shangazi wiki moja, Baba akiwa amelala na kiharusi, na nilikuwa nataka niwe Mfalme mwaka ule ili nimpelekee mnyororo kitandani. Nilikandamiza kadi kama ulivyofanya wewe. Ganda likagoma kama lilivyogoma kwako. Nililia nikiwa nimepiga magoti kwenye kibanda, na Elroy, ambaye anaona kila kitu cha watu, hakuona hilo.

Kila Jumapili baada ya kanisa Baba aliniuliza kwa nusu ya mdomo iliyobaki, "Shangazi?" Nami nikajibu, "Anapiga vizuri, Baba." Alikufa akiamini hivyo.

Baadaye nililishughulikia ganda moja kwa tupa mpaka likakubali kuingia na kutoka kwa baruti ndogo. Likawa hilo tu. Halafu watu wakaniuliza mbona ninatumia ganda moja, nikasema ndiyo desturi ya Baba, ganda moja siku nzima, ndiyo usahihi. Wenzetu wengi wa kweli hufanya hivyo, kwa hiyo waliamini. Niliwafundisha vijana wa klabu. Nilikufundisha wewe, hata kukata kadi bila kukuonya, ukiwa na nywele za mikia miwili, ukinitazama kama ninasoma Biblia. Sheria ya ganda moja haikuwa ya usahihi, Arlys. Ilikuwa pazia.

Nilipokupa Shangazi nilijiambia ninakupa urithi. Nilikuwa ninajitoa mzigo. Nilidhani ukiifuata sheria hutajua kamwe, na nikifa mambo yamekwisha. Ulipoandika Aprili kuhusu ganda kugoma na taa ndogo, moyo ukanipasuka. Mtu ambaye hajaona pete haandiki hivyo. Nilijua, nikaendelea kukuuliza habari za ganda kana kwamba sijui.

Sasa nitakwambia lililo baya kuliko yote, na ukitaka ishia hapa ufunge barua. Siku barua yako ya Juni ilipofika, nilipofika pale uliposema nimemharibu Shangazi, nilifurahi. Kabla sijakuonea huruma, kabla ya kitu chochote, nilifurahi. Nikasema, basi, sasa si mimi. Nilikaa na furaha hiyo siku nyingi, nikakuandikia methali. Niliacha Elroy akuseme mbele ya watu na nikakwambia usijitese. Nimekuwa mjomba wako tangu siku ulipozaliwa na sijawahi kukutenda hivyo.

Nilikuwa nimefikiri nikuombe jambo hili libaki kati yako na mimi. Hata nilikuwa nimeshaliandika. Karatasi hiyo nimeichana, nawe usingelijua kama nisingekwambia, lakini nimechoka na vitu usivyovijua.

Nitakuja tarehe kumi. Bunduki ile ndogo usinipe. Nilikwambia unichagulie ya bei nafuu, nawe ukanichagulia kwa macho mazuri na moyo uliovunjika, siwezi kuishika. Weka jina lako kwenye timu. Ipige wewe. Mimi nitakaa nyuma yako na darubini nikusomee bendera za upepo, kama utaniruhusu kukaa.

Mjomba wako, ikiwa bado,
Norbert


Ebner
Septemba 1, 1994

Mjomba,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, lori la maziwa likanipigia honi mara mbili nihame njiani. Sikuhama. Nilikuwa na hasira mpaka jioni, na nyingine ninayo mpaka sasa. Usidhani itakuwa imekwisha ukifika.

Jina langu nimelirudisha. Elroy aliuliza kwa bunduki gani, nikamwambia atulie, ataambiwa.

Wewe ndiye utakayemwambia. Siku ya Mfalme, watu wakiwa wamekaa, kabla ya mtu yeyote kujaza baruti, utasimama pale niliposimama mimi, useme ulivyoniandikia. Ya Babu na Jumapili zake useme ukipenda. Yangu utayasema yote. Ukimaliza nitakupakulia soseji kwa mkono wangu, na utakaa nyuma yangu na darubini.

Bunduki ndogo inapiga kushoto kidogo, nimeshairekebisha. Shangazi nimempaka mafuta nikamtundika ukutani sebuleni, Mama anasema anapendeza. Maganda nimenunua mengi.

Njoo na koti, huku kumeanza kupoa.

Arlys